Kutofautisha aina za muhogo kwa alama za vinasaba

Jina la mtaani halithibitishi aina. Kiroba ya kijiji kimoja huenda si Kiroba ya kijiji jirani, na majani hubadilika kwa kivuli, umri na ugonjwa wa batobato. Muhogo hupandwa kwa pingili, hivyo shina moja lenye afya linatosha kuwakilisha aina yake.

Chuma jani changa la juu, liweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wa silika jeli yenye uzito mara 10 ya jani. Silika ikibadilika rangi, weka mpya siku hiyohiyo, maana jani likichelewa kukauka vinasaba hukatika. Andika namba kwa penseli ukiwa shambani. Lebo iliyokosewa haisahihishwi maabara. Chukua pia sampuli za aina zilizothibitishwa kutoka kituo cha utafiti, kwa mfano TARI Kibaha. Bila hizo utajua kwamba mihogo miwili inatofautiana, lakini hutajua ipi ni ipi.

Saga miligramu 20 za jani kavu, ongeza mikrolita 700 za bafa ya CTAB (sabuni ya kupasua seli) asilimia 2 yenye PVP (kemikali inayonasa polifenoli) na merkaptoethanoli, kisha weka kwenye nyuzi 65 kwa dakika 45, ukipindua mara kwa mara. Usiache PVP: polifenoli za muhogo hufanya mchuzi kuwa kahawia na PCR, yaani kunakili vipande vya vinasaba, hugoma. Ongeza klorofomu na isoamili (24:1) kwa ujazo uleule, ukifanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa. Zungusha kwenye sentrifuji, nyonya tabaka la juu bila kugusa mpaka wa kati. Tenga vinasaba kwa isopropanoli baridi, osha kwa ethanoli asilimia 70. Uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita hizo, kipimo cha usafi wa vinasaba) uwe karibu 1.8. PCR ikigoma hata hivyo, zimua mara 10 kabla ya kutupa sampuli.

Kwa PCR, tumia alama 15 hivi za mikrosatelaiti (vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia) zilizotawanyika kwenye kromosomu tofauti. Usizisome kwenye jeli ya agarosi: tofauti ya besi 2 haionekani. Tumia jeli ya poliakrilamidi asilimia 6 au mashine ya kapilari. Muhogo ni diploidi, kwa hiyo kila alama hutoa mstari mmoja au miwili. Mitatu ni dalili ya sampuli kuchanganyika, au praima (vipande vinavyoanzisha PCR) kushika sehemu mbili.

Weka kidhibiti cha maji (PCR yenye maji badala ya vinasaba), na urudie sampuli 1 kati ya 10 tangu uchimbaji wa vinasaba. Tofauti ya alama moja tu isikufanye utangaze aina mpya, rudia kwanza. Alama zote zikilingana, kumbuka kwamba badiliko dogo la jeni moja linaweza kupita bila kuonekana.