Jinsi ya kwenda Deadwood na motohomu bila kuharibu gari wala ndoa

Kama uko Minneapolis au Sioux Falls na umechoka kulala hoteli kila likizo, kodisha motohomu, yaani gari lenye nyumba ndani (wenyeji wanaita RV tu), shika barabara kuu ya I-90 kuelekea magharibi mpaka milima ya Black Hills, South Dakota, kwenye miji ya zamani ya dhahabu kama Deadwood. Toka Minneapolis ni kama maili 600, Sioux Falls kama 350. Ila shika neno moja kabla hujalipa deposit: hili dude ni la tambarare, sio la miji ya machimbo. Ile miji ilianza 1876 huko kwenye makorongo, wakati usafiri ni farasi na nyumbu, sasa we unaingia na nyumba ya futi 25 unategemea nini? Nyikani endesha, mjini paki utembee kwa miguu.

Siku ya kuchukua gari usiwe na haraka. Piga video nje na ndani, waambie wawashe jiko, friji, pampu ya maji na AC we ukiwa unaona. Kwa haya ya kawaida ya kukodisha leseni yako ya kila siku inatosha, ila uliza umri wanaotaka, wengi wanataka 25. Alafu uliza urefu wa gari kwenda juu, andika kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani, kwa sababu ukishazoea unasahau kabisa kwamba kichwani umebeba AC, unaona njaa unaingia dirisha la chipsi la kununua bila kushuka garini, paa linabaki pale. Na ukikata kona kumbuka mkia, nyuma ya matairi ya nyuma kuna futi kadhaa za gari zinazofagia upande wa pili.

Makabati yote yafungwe mpaka usikie tak. Mi kona ya kwanza tu sufuria la ugali lilitoka likapita kichwani kwa mama watoto, hakuniongelesha mpaka mji wa Mitchell.

Barabarani speed inayoruhusiwa upande wa South Dakota ni maili 80 kwa saa, hiyo waachie wenyewe. Nenda 60 mpaka 65, kwa sababu kule hakuna mti wala kilima, upepo unakupiga ubavuni na gari lina ubavu kama ukuta wa godauni, na kila lori linalokupita linakuvuta kwanza alafu linakusukuma. Mikono miwili. Mafuta jaza yakifika nusu, usisubiri taa iwake, na ujue linakunywa, ukipata maili 10 kwa galoni shukuru Mungu. Pumzika mji wa Chamberlain, pale unapovuka mto Missouri kuna sanamu ya mama wa Kilakota (wenyeji wa asili wa huko) inaitwa Dignity, futi 50, inaangalia mto, watoto wanyooshe miguu. Mbele kidogo unaingia ukanda mwingine wa saa, saa inarudi nyuma lisaa limoja, usishangae simu na saa ya gari zikibishana.

Hifadhi ya Badlands lala angalau usiku mmoja. Kuna kempu ya Cedar Pass yenye umeme, na kuna ya bure Sage Creek ila pale hawataki motohomu inayozidi futi 18 kwa hiyo karibu zote za kukodi hazifai. Jua likizama ile miamba inabadilika rangi, pinki, njano, kijivu, na nyasi zinaenda mpaka mwisho wa macho, mtu wa Serengeti atajisikia nyumbani. Nyati wa kule (baison) usiwasogelee kwa ajili ya selfie, nyoosha mkono ufumbe jicho moja, kama kidole gumba hakimfuniki yule mnyama basi uko karibu mno. Na lile turubai la pembeni likunje kabla ya kulala hata kama hewa imetulia, upepo wa usiku hauombi ruhusa.

Umeme wa kempu mara nyingi ni ampia 30, AC na maikrowevu usiwashe pamoja, utabaki gizani.

Sasa choo, maana kila mtu anauliza hilo kwanza. Kuna matanki mawili ya uchafu, jeusi ni la choo na la kijivu ni la sinki na bafu. Yote yakae yamefungwa muda wote, hata kama umeunganishwa bomba la kempu, kwa sababu ukiacha jeusi wazi maji yanakimbia na mzigo unabaki umekaukia ndani, utajuta. Kufika sehemu ya kumwagia vaa glavu, funga hozi kote kuwili, ijaribu kuivuta, ndio ufungue jeusi mpaka liishe. Ukifunga hilo fungua la kijivu, maji ya sabuni yanasafisha hozi. Ni dakika kumi. Usimuachie mtoto.

Ukifika Black Hills tafuta kempu nje ya mji, Deadwood ina basi dogo la trolley linazunguka mjini. Mtaa mkuu ni majengo ya zamani na kasino, kamari ilihalalishwa 1989, mi kasino hazinivutii. Panda makaburi ya Mount Moriah aliko Wild Bill Hickok, mpiga bastola maarufu aliyepigwa risasi mezani kwenye karata, Agosti 2, 1876. Ila usipande ukiwa unashangilia tu wachimbaji, ile ardhi mkataba wa 1868 uliwapa Walakota, 1874 msafara wa Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, ukatangaza dhahabu, basi mkataba ukawa karatasi. Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaamua walipwe zaidi ya dola milioni 100, wakakataa pesa, wanataka milima yao.

Maili chache juu ni Lead, tamka "Lid". Hapo ndipo pa kukaa nusu siku. Mgodi wa Homestake ulishuka futi 8,000, ukafungwa 2002, ukatoa dhahabu wakia zaidi ya milioni 40. Simama kwenye uzio uangalie lile shimo la wazi lililokula sehemu ya mji wenyewe. Leo chini humo ni maabara ya fizikia, na humo humo mwanasayansi Raymond Davis alipata Nobel kwa kuhesabu nyutrino, chembe ndogo sana zinazotoka kwenye jua, akitumia tanki la dawa ya drai klina.

Barabara ya milimani inayoitwa Needles Highway usiingie na motohomu kabisa, kuna handaki upana wake futi 8 tu. Na mwanzo wa Agosti pikipiki zinajaa Sturgis, mji wa jirani, kempu bei juu.

Siku ya kurudisha gari mwaga matanki, jaza mafuta, kagua droo ya chini ya jiko. Mwiko wangu mzuri wa mninga ulibaki humo.