Kumfariji aliyefiwa: walichopatia na walichokosea marafiki wa Ayubu

Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vizuri. Walipomwona Ayubu, mtu wa Biblia aliyefiwa na watoto wake wote kisha akapatwa na majipu mwili mzima, walilia, wakaketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:11–13). Nawe anzia hapo: ukifika msibani, toa pole, keti karibu na aliyefiwa, nyamaza. Mwache yeye aanze, kama Ayubu alivyoanza katika sura ya 3.

Akisema maneno makali, hata ya kumlalamikia Mungu, usimkatize wala kumsahihisha. Hapo ndipo Elifazi alipoharibu: aliuliza ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia (4:7), akamtwisha lawama mtu aliyekuwa akijikuna majipu kwa kigae. Ayubu akawaita wafariji wa kutaabisha (16:2), na Mungu mwenyewe akawakemea (42:7). Kwa hiyo usitafute sababu ya msiba. Hata “ni mapenzi ya Mungu” huumiza sana ikisemwa mapema.

Ukiombwa uongoze sala, fupisha. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na inaanza na malalamiko. Kisha rudi wageni wakishatawanyika: chota maji, pika, peleka watoto shule. Akitaja kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.