Kupiga picha sanamu za wanamuziki Bagamoyo, mpaka ngoma ionekane inalia

Sanamu ya mpiga ngoma hubebwa na mahali pamoja: pale kiganja kinapokutana na ngozi. Ya mpuliza zumari hubebwa na mdomo na mashavu yaliyojaa pumzi. Ya mpiga zeze, na upinde unapopita juu ya nyuzi. Picha ikipapoteza mahali hapo, kinachobaki ni mtu mweusi aliyekumbatia kitu kisichoeleweka, hata kama kamera ni ya mamilioni. Kila hatua hapa chini, kuanzia ruhusa hadi maelezo ya picha, inalenga mahali hapo pa mguso.

Maelekezo yamepangwa kwa hali ya Bagamoyo: vyumba vyenye kuta za chokaa, madirisha yanayotazama bahari, hewa ya chumvi, na vinyago vingi vya mpingo.

Vifaa

Kamera yoyote unayoweza kuiendesha kwa mkono, yaani kuiamulia mwenyewe tundu la lenzi (huandikwa f/8, f/11 na kadhalika), kasi ya shata na ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga. Lenzi ya milimita 85 hadi 100. Ya 50 inatosha kama chumba ni kidogo. Stendi ya miguu mitatu. Kitambaa cheusi au cha kijivu kisichong'aa, mita 2 kwa 1.5. Manila nyeupe mbili na nyeusi moja, zile kubwa za dukani. Shuka jeupe jembamba. Taa moja ya LED ya kuchaji, kwa sababu umeme hukatika. Brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi, na kitambaa cha maikrofaiba. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, ukiwa nayo. Flashi ya juu ya kamera iache nyumbani.

Hatua ya 1: Ruhusa na usafi

Piga hodi, salimia, kisha omba kwa maneno yaliyo wazi: "Shikamoo mzee. Naomba kupiga picha kazi hii ya mpiga zeze. Nitaiweka mtandaoni pamoja na jina la aliyeichonga." Sema mapema picha inakwenda wapi. Hakimiliki ya kinyago ni ya mchongaji, na aliyekinunua hakuinunua pamoja nacho. Ruhusa ya kupiga haimaanishi ruhusa ya kuuza kadi au fulana zenye picha hiyo.

Usikiinue kinyago wewe. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mtu akimshika mpiga filimbi kwa mkono wake mwembamba, filimbi ndiyo inayovunjika kwanza. Mwombe mwenyewe akigeuze. Vumbi litoe kwa brashi, kutoka juu kwenda chini, ukiwa umeruhusiwa. Vumbi ambalo jicho halilioni hutokea pichani kama nukta nyeupe mia moja, na kuzifuta moja moja kwenye kompyuta ni kazi ya jioni nzima. Alama za vidole zifute kwa maikrofaiba kavu. Usipake mafuta wala kiwi ya viatu ili king'ae; mng'ao huo ndio utakaokusumbua katika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Ijue ala kabla ya kuchagua upande

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha picha na picha. Zunguka kinyago mara mbili bila kamera, ukijiuliza sauti inatoka wapi.

Mpiga ngoma: inua kamera juu kidogo, nyuzi 20 hadi 30 kutoka usawa wa ngozi, ili uso wa ngoma uonekane kama yai lililolala. Ukipiga kwa usawa kamili, ngozi inageuka mstari na ngoma inakuwa pipa. Kwenye msondo, ambao ni mrefu, hakikisha mwili wote wa ngoma umeingia mpaka chini. Ukiukata, msomaji ataudhani chapuo, ile ngoma ndogo.

Mpiga zeze: shingo ya zeze ni mstari mrefu mwembamba, na upinde ni mstari wa pili. Tafuta pembe ambapo mistari hiyo miwili inakatana waziwazi na hakuna hata mmoja unaopita mbele ya uso. Kibuyu kionekane angalau nusu, maana humo ndimo sauti inamokuzwa. Nyuzi mara nyingine ni waya au nailoni iliyotegwa baada ya kuchonga. Hizo zinahitaji mwanga wa ubavuni, la sivyo zinapotea kabisa.

Mpiga ilimba, ala ya kisanduku chenye vyuma vya kubonyeza: vidole gumba viko juu ya vyuma, na mikono inakificha kisanduku kikitazamwa kutoka mbele. Pandisha kamera hadi nyuzi 45, karibu na bega, kana kwamba unachungulia anachopiga.

Zumari na filimbi hutaka ubavu. Ila usimpige kwa ubavu kamili, maana jicho la pili linapotea na uso unakuwa bapa. Mgeuze nyuzi 15 kuelekea kwako. Utayapata mashavu, matundu ya vidole, na macho yote mawili.

Kama hujui ala inavyoshikwa, Bagamoyo huna kisingizio. TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, inafundisha ngoma na muziki papo hapo mjini. Zeze na ilimba ni ala zinazojulikana sana kwa Wagogo wa Dodoma, lakini hapa zimezoeleka: mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipiga Bagamoyo kwa miaka mingi. Mtazame mpigaji hai dakika kumi, ndipo urudi kwenye kinyago. Utaona mara moja kiganja gani mchongaji amekikamata kikishuka na kipi kikipanda.

Hatua ya 3: Saa na dirisha

Bahari iko mashariki. Dirisha la upande huo hupokea jua kali asubuhi, mpaka kama saa nne. Mwanga wake ni wa kuchoma, wenye vivuli vya kukata. Asubuhi tumia dirisha la upande wa bara, alasiri hamia la upande wa bahari. Kama chumba kina dirisha moja tu na jua linaingia, lifunike kwa shuka jeupe, likiwa limenyooshwa bila mikunjo. Mikunjo ya shuka itaonekana juu ya mpingo, usishangae.

Zima taa za chumba. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa dirisha ni 5,500 hivi na balbu ya njano ni 2,700 hadi 3,000. Zikichanganyika, bega moja linakuwa la bluu na jingine la chungwa, na hakuna programu itakayozipatanisha vizuri. Ukikatazwa kuzima taa, funga dirisha na utumie taa peke yake. Katika hali hiyo weka shata 1/50 au 1/100 au polepole zaidi: umeme wetu ni wa hezi 50, baadhi ya taa huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka zaidi huacha michirizi ya giza pichani.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kioo baridi kitafunga ukungu, na ukiufuta kwa shati unachanganya chumvi na vumbi juu ya lenzi.

Hatua ya 4: Nyuma yake na stendi

Kitambaa kiwe mita 1 hadi 1.5 nyuma ya kinyago, si kimegusana nacho. Kwa mpingo, kijivu kinafaa kuliko cheusi, kwa sababu juu ya cheusi kingo za mwili huyeyuka. Ukuta wa chokaa ni mzuri kwa sanamu za udongo au mti mwekundu.

Kimo cha kamera kiwe katikati ya urefu wa sanamu, na lenzi isiiname, isipokuwa pale ala inapokudai kupanda juu. Nguzo ya ujamaa, yaani sanamu ya watu waliopandana, yenye urefu wa sentimita 160 inapigwa kutoka sentimita 80. Ukisimama wima ukainamisha kamera, watu wa chini watakuwa vibete.

Umbali uwe mita 1.5 au zaidi. Kwa simu kosa hili ndilo la kila siku: mtu anasogea hadi sentimita 40, ngoma inavimba na kichwa cha mpigaji kinasinyaa. Rudi nyuma, tumia lenzi ya mara 2.

Kwenye ghorofa za zamani zenye sakafu ya boriti, hatua za mtu mmoja huitikisa stendi. Tumia kipima muda cha sekunde 2 na usubiri chumba kitulie.

Hatua ya 5: Mpingo ni kioo cheusi

Mti uliong'arishwa haupokei mwanga kama udongo unavyoupokea. Unarudisha taswira ya kilichouzunguka. Kwa hiyo usiumulike mpingo. Panga vitu vyeupe na vyeusi vya kuakisiwa. Balbu ndogo itaonekana kama nukta kali kwenye paji la uso, na ukiongeza nguvu ya taa, nukta inazidi kuwa kali huku mwili ukibaki giza. Manila nyeupe iliyosimamishwa wima sentimita 30 kutoka kinyago itaonekana kama ukanda laini unaoteremka begani, mkononi, hadi ukingo wa ngoma. Ukanda huo ndio unaochora umbo.

Panga hivi. Dirisha liwe ubavuni, kama nyuzi 60 hadi 70 kutoka mstari wa kamera, upande ule ambao mkono unagusa ala. Upande wa pili simamisha manila nyeupe, uisogeze taratibu huku ukitazama kupitia kamera mpaka ukingo wa giza upate mstari mwembamba wa mwanga. Kisha chukua manila nyeusi uiweke pale ambapo mng'ao umezidi, kwa kawaida juu ya kichwa. Sentimita tano hubadilisha kila kitu, hivyo usiharakishe; dakika 15 za kuhamisha manila si nyingi.

Taa ya LED ikihitajika, ielekeze kwenye shuka au ukutani, si kwenye sanamu. Kumbuka pia kwamba ukiisogeza taa kutoka sentimita 60 hadi 120, mwanga haupungui nusu. Unabaki robo.

Polaraiza hupunguza mng'ao juu ya mti, zaidi unapotazama uso huo kwa pembe ya nyuzi 55 hivi. Izungushe nusu tu. Ukiua mng'ao wote, mpingo unakuwa kama mkaa, bila mviringo. Kwenye vyuma vya ilimba au sanamu ya shaba filta hii haisaidii, na inakula stopu 1.5 hadi 2 za mwanga (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu, au kuuongeza mara mbili).

Kinyago kikiwa ndani ya kabati la kioo, bandika kingo za lenzi kwenye kioo na uzungushie kitambaa cheusi.

Hatua ya 6: Eksposha

Anza na ISO 100, f/8, sekunde 1/4, kamera ikiwa juu ya stendi. Bila stendi, mwanga uleule utadai ISO 1600, f/5.6, 1/125.

Kipima mwanga cha kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Kinyago cheusi kikijaza fremu, kamera itakiongezea mwanga mpaka kifanane na majivu: punguza stopu 1. Kikisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera itapunguza na mpigaji atakuwa kivuli: ongeza stopu 1. Kwenye simu, gusa na ushikilie pale mkono unapogusa ala, kisha teremsha alama ya jua.

Angalia sana sehemu za rangi ya maziwa. Mpingo una kiini cheusi na ganda la ndani jeupe-njano, na wachongaji wengi huliacha makusudi liwe kofia, kanga au ngozi ya ngoma. Hapo ndipo picha huungua, yaani hubaki nyeupe tupu. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, pima kwa sehemu nyeupe isiungue, giza utaliinua baadaye.

Hatua ya 7: Fokasi

Kwa sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 85, umbali wa mita 1.5: f/2.8 inakupa kina cha sentimita 5 tu kilicho kikali, f/8 sentimita 15, f/11 kama 20. Mpiga ngoma aliyeketi anaweza kuwa na kina cha 30. Maana yake huwezi kupata vyote kwa pigo moja, lazima uchague. Chagua kiganja na ngozi, uso ufuate, mgongo ulainike. Usikimbilie f/22, picha nzima inapungua ukali. Ukitaka vyote, piga picha nne au tano ukihamisha fokasi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma bila kugusa stendi, uziunganishe kwenye programu.

Sanamu za mtindo wa ujamaa, ambamo wapigaji wamepandana kuzunguka nguzo, hazina mbele. Weka vipande vya selotepu sakafuni kila nyuzi 45, upige nane, umbali uleule. Ongeza picha za karibu za mikono peke yake. Mara nyingi hizo ndizo mchongaji anazozipenda zaidi.

Hatua ya 8: Baada ya kurudi

Futa kamera nzima kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu, siku hiyohiyo. Chumvi haingoji kesho.

Kwenye programu nyoosha wima, inua giza mpaka alama za patasi zionekane, acha nyeusi chache zibaki nyeusi kweli. Usiongeze ukali kupita kiasi, mti utaonekana kama plastiki. Kwa mtandaoni, upande mrefu pikseli 2,048 unatosha.

Maelezo yaandike kikamilifu: mchongaji, aina ya mti, urefu kwa sentimita, mahali, na jina la ala. Usiandike "mwanamuziki wa kienyeji na ala yake". Andika "mpiga ilimba". Zeze si gitaa, na kayamba si trei. Kama huna uhakika, muulize mchongaji kabla hujaondoka.

Mpelekee nakala. Kwa picha ya kuchapishwa ya sentimita 20 kwa 30, faili iwe na pikseli zisizopungua 2,400 kwa 3,600, na uombe karatasi isiyong'aa.