Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kisomo Ukiwa Bagamoyo

Anza na neno la Kiingereza "erudition", linalotumika kwa elimu ya mtu aliyezama vitabuni miaka mingi. Livue kwanza kiambishi cha mwanzo, ambacho kwa Kilatini huonyesha kutoka ndani ya kitu, nawe utabaki na mzizi rudis, yaani kisichochongwa au asiyefunzwa. Kitenzi erudire, basi, kilikuwa ni kumtoa mtu katika ujinga kwa kumfunza. Kisha litafutie ndugu zake: "rude", linalosemwa kwa mtu asiye na adabu, limechipuka katika mzizi huohuo.

Kwa maneno yetu yaliyotoka Kiarabu, tafuta konsonanti tatu za mzizi. Elimu, mwalimu, mtaalamu, taaluma, maalumu na hata alama yote yamejengwa juu ya ayn, lam na mim. Lakini kwa kuwa ayn haisikiki katika matamshi yetu wala haionekani katika hati ya Kilatini, mwombe ustadhi wa madrasa, na Bagamoyo hawakosekani, akuandikie neno kwa herufi za Kiarabu. Usilifungamanishe na ulimi kwa sababu tu ya l na m: Waganda husema olulimi na Wazulu husema ulimi, kwa hiyo hilo ni la Kibantu. Kufanana kwa sauti, kwa maoni yangu, ndiko kunakowapoteza wengi.

Mwanachuoni linataka subira zaidi, nami nalipenda kuliko yote. Hapa mzizi peke yake hautoshi, kwa maana kilichobadilika ni matumizi: kamusi za karne ya 19 zinalieleza neno chuo kuwa ni kitabu, na kwa maana hiyo mwanachuoni ni mtu wa vitabuni, awe amepita katika taasisi au hakupita. Fungua kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na hapa Bagamoyo, iliyochapishwa Paris kuanzia 1939; faida yake kubwa ni kwamba hutaja lahaja ambamo neno lilisikika. Ilinganishe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, ukiandika mwaka wa kamusi kando ya kila maana, kisha utafute neno hilohilo katika tenzi za kale, ambako elimu mara nyingine huandikwa ilimu.