SOMO: Springi na usukani wa lori la rimoti la kujiundia (soma kabla hujauliza)

Wakuu, swali ninaloletewa ni lile lile: "Lori langu likipanda tuta linakata kona lenyewe, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Lori la mfano lina ekseli nzima (kipande kimoja toka tairi hadi tairi) na springi za bapa, kama malori ya mizigo barabarani. Ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sm 30, kingpini (pini ambayo tairi la mbele linageukia) hadi kingpini sm 16. La kwako likiwa na vipimo vingine, hesabu ni zile zile.

1. Chasisi. Reli mbili za alumini. Mafundi wa madirisha wana vipande wanavyotupa, ongea nao vizuri.

2. Ekseli ya mbele. Alumini ile ile au mbao ngumu. Isipinde, basi.

3. Kukata springi. Tumia mkanda wa chuma wa kufungia mizigo, ule unaokatwa na kuachwa chini pale kontena linapofunguliwa. Kila upande bapa tatu: sm 12, sm 9 na sm 6. Zikunje kidogo kwa mkono juu ya bomba, kila moja ikizidi kupinda kuliko iliyo juu yake, kisha zifunge katikati. Bledi ya msumeno wa chuma achana nayo: zile ngumu hazitoboki kwa keekee ya kawaida, na zikikatika zinaruka. Vaa miwani hata kama umeamua kubisha.

4. Kufunga springi. Springi iliyopinda ikibanwa inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Kwa hiyo ncha moja inafungwa palepale kwenye reli, ncha ya pili inaning'inia kwenye kiungo kinachocheza. Kiungo hicho usikitengeneze, unacho tayari: vunja mnyororo mbovu wa baiskeli, chukua sahani za nje za pingili. Matundu yake yamepishana mm 12.7 na yanapokea bolti ya mm 3. Mbili kwa kila springi, moja kila upande. Nati iwe ya nailoni, ikazwe mpaka iguse, si zaidi. Weka betri na mzigo wa kawaida: springi ishuke kama theluthi ya safari yake. Isiposhuka, punguza bapa.

5. Kingpini. Bolti ya mm 3. Ilaze kidogo, kichwa chake kielekee nyuma, kama digrii 5. Kikabari chembamba kati ya springi na ekseli kinatosha. Tairi zitapenda kurudi katikati zenyewe.

6. Mikono ya kingpini na tairodi. Mkono ni kile kipande kinachotoka kwenye kingpini na kugeuza tairi, tairodi ni fimbo inayounganisha mikono miwili. Kwenye kona tairi la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, hivyo lazima likate zaidi. Dawa yake ni kuinamisha mikono ya kingpini. Vuta mstari kutoka kwenye kingpini hadi katikati ya ekseli ya nyuma, mkono ulale juu ya mstari huo. Kwa lori letu ni digrii 15 hivi kuelekea ndani. Mkono wa sm 2.5 ukilala hivyo, ncha yake inaingia ndani mm 6.5, kwa hiyo tairodi ni sm 14.7, si 16. Hiyo ni tairodi iliyo nyuma ya ekseli. Ukiiweka mbele, mikono inafunguka nje na tairodi inakuwa sm 17.3. Spoki ya baiskeli inatosha kwa kazi hii. Mtindo huu wa kuinamisha mikono unaitwa wa Ackermann kwa sababu Rudolph Ackermann ndiye aliyeuandikisha Uingereza mwaka 1818, lakini aliyeubuni ni Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich. Fundi kavuja jasho, jina kachukua wakala wake, Ackermann.

7. Sevo (mota ndogo inayogeuza usukani) INAKAA JUU YA EKSELI. Someni hapa taratibu. Mkifunga sevo kwenye chasisi na kupeleka kifimbo hadi kwenye tairi, lori likipanda jiwe ekseli inapanda lakini sevo imebaki palepale. Springi inaipandisha ekseli wima, ilhali ncha ya kifimbo inalazimika kufuata upinde. Njia mbili hazilingani, kwa hiyo kifimbo kinavuta tairi. Hujagusa rimoti, lori limeshakata kona. Halafu mnasema rimoti mbovu, mnanunua nyingine. Sevo ikikaa juu ya ekseli vinapanda na kushuka pamoja, ugonjwa umeisha. Angalizo: waya za sevo ziachwe zilegee, maana ekseli inacheza, na chini ya reli iwepo nafasi, la sivyo sevo itagonga chasisi kwenye shimo la kwanza. Ile ndogo ya gramu 9 yenye meno ya plastiki haitoshi, inasukuma kama kilo 1.8 tu kwenye mkono wa sentimita moja. Tafuta ya aina ya MG996R, ina gia za chuma na nguvu karibu mara tano.

8. Washa sevo kwanza, ijipange katikati, NDIPO ufunge mkono wake. Ukifunga ikiwa imezimwa utakuwa na kona kali upande mmoja tu.

MASWALI

Bonge_la_Lori: Mkuu somo zuri. Sevo gani inafaa?

Mwandishi: Hatua ya 7.

Dogo Keekee: Springi zangu hazibonyei hata nikilikalia. Picha hiyo.

Mwandishi: Ncha zote mbili umezikaza kwenye reli. Hatua ya 4. Na usilikalie.

Mzee wa Saketi: Magari ya rimoti ya dukani mengi sevo iko kwenye chasisi na yananyooka vizuri. Umetia chumvi.

Mwandishi: Mengi ya hayo kila tairi lina mikono yake ya kupandia na kushukia (si ile ya kingpini), na kifimbo kimepimwa kiende sambamba na mikono hiyo. Yenye ekseli nzima huwekwa fimbo ya pembeni inayoshika ekseli, sambamba na kifimbo cha usukani. Ukiweza kupima hivyo, funga kwenye chasisi. Nimewaandikia wenye msumeno na tupa.

Mzee wa Saketi: Na aliyekwishatoboa chasisi?

Mwandishi: Afanye kifimbo kirefu kadiri nafasi inavyoruhusu, kilale mlalo lori likiwa na mzigo wake. Kuvuta kutapungua ila hakutaisha.

Neema_T: Samahani, nataka kuelewa. Tairi la nje linakata pungufu kiasi gani? Na nitajuaje nimepatia?

Mwandishi: Swali zuri. La ndani likikata digrii 30, kitovu cha kona kiko sm 52 kutoka kwenye kingpini yake (30 gawanya kwa tanjenti ya 30). Kingpini ya nje iko sm 16 zaidi, yaani 68, na pembe yake inatoka digrii 24 hivi. Kupima: mwaga vumbi la chaki sakafuni, kata kona, sukuma lori polepole kwa mkono. Alama ya tairi ikiwa safi umepatia. Ikiwa imepakaa kwa ubavu, tairi linaburuzwa. Mikono iliyoinama haitimizi hesabu hii kwa kila pembe, inakaribia tu, na kwa lori hili inatosha.

Neema_T: Asante sana. Jingine: nikikata kona lori limesimama, risiva (kile kipokezi cha rimoti ndani ya lori) inazima na kuwaka.

Mwandishi: Sevo kubwa ikikwama inavuta zaidi ya ampea 2, volti zinashuka, risiva inakata roho. Ipe sevo kipunguza volti chake cha volti 5, ampea 3. Hasi zote ziunganishwe pamoja, chanya zisigusane.

Chuma Chakavu: Shokapu za sirinji vipi? Nimetia oili ya injini, mpira umevimba, haisogei.

Mwandishi: Oili ya injini inavimbisha mpira wa namna hiyo. Weka glisirini ya duka la dawa, ni nzito na haiudhuru. Ila kwa lori la mwendo wa taratibu bapa zinasuguana zenyewe, shokapu si lazima.

Chuma Chakavu: Nami nichangie: ndani ya mpira wa waipa mbovu kuna vibapa viwili vya chuma cha springi. Kwa lori dogo vinafaa kabisa.

Bonge_la_Lori: Hizo waipa zinauzwa wapi?

Chuma Chakavu: Mbovu, ndugu. Gereji yoyote zimejaa kwenye pipa la taka.