Kucheza Poka Ukiwa wa Kwanza Kuamua

Katika poka ya Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na nyingine tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote, kiti kigumu kuliko vyote ni kile kinachomlazimu mchezaji kuamua kabla ya wenzake, na ugumu wake hudhihirika hasa pale karata tatu zinapofunuliwa mezani, kisha ya nne, kisha ya tano. Katika raundi hizo zote anayeanza ni yule aliye karibu zaidi kushoto kwa mgawaji miongoni mwa waliobaki, na wenzake humwona afanyavyo kabla hawajafanya lolote. Hapa Malindi, barazani kwetu, tunachezea komwe za bao badala ya fedha, kwa kuwa kamari ni haramu kwa wengi wetu. Hata hivyo, anayeishiwa komwe hutoka mchezoni, kwa hiyo hesabu ni ile ile.

Shika jambo moja: usikiache kitita cha mezani, yaani komwe zote zilizokwisha kuwekwa, kikue kupita nguvu ya karata zako. Anayefuata nyuma yako ndiye mwenye uwezo wa kuamua kama raundi itapita bure au italipiwa, nawe silaha yako ni kupita bila kuweka dau, kwa karata dhaifu na mara nyingine kwa karata nzuri. Ukiweka dau kila upatapo karata nzuri na kupita kila ukosapo, wachezaji makini watakusoma upesi, na kila ukipita watakusukuma utoke.

Tuseme una ree na malkia, na mezani pamefunuliwa malkia wa kopa, nane ya pau na tatu ya uru. Kitita ni komwe 12, na amebaki mpinzani mmoja. Weka komwe 4, naye akifuata, yaani akiweka sawa nawe, kitita kinakuwa 20. Karata ya nne ikiwa tisa ya kopa, mimi hupita. Akiweka 10, utalipa 10 kugombea kitita kitakachofika 40, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara moja katika kila nne ili usipate hasara, na jozi ya malkia yenye ree pembeni kwa kawaida hutosha dhidi ya mtu apendaye kushambulia. Dhidi ya mtu asiyeweka dau ila ameshika kitu, itupe bila kusita.

Karata za kungojea, yaani zinazokosa moja tu ili kukamilika, kama kopa nne zinazongoja ya tano, zinahitaji uangalifu zaidi. Ukiwa na kopa nne baada ya karata tatu za mezani, zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 usizoziona, yaani takriban asilimia 19 kwa karata inayofuata. Dau la nusu ya kitita linadai asilimia 25, na pengo hilo hufidiwa tu ukilipwa vizuri baadaye, jambo ambalo ni gumu kwa anayeanza, kwani kopa ya tatu ikitua mezani dau lako la ghafla humtisha kila mtu. Ndiyo maana naona ni afadhali kupita kwanza, kisha kupandisha dau la mpinzani akiwa peke yake, kuliko kumfuata kila raundi. Wakiwa wawili au watatu, usijaribu.

Kwenye karata ya tano, ikiwa raundi iliyopita nyote mlipita, dau dogo kwa jozi nzuri hulipwa mara nyingi. Mpinzani mtulivu akilipandisha, itupe jozi hiyo.