Kukinga maji mlimani Pemba kabla ya masika

Shamba la mlimani lipimwe na kuchimbwa mitaro ya kukinga maji Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu. Masika ya Machi yakikukuta hujamaliza, udongo uliouchimbua ndio utakaotangulia kuteremka bondeni kwenye mpunga.

Kwanza tengeneza kipimo cha usawa: funga fito mbili za mita 2 zikutane juu kama herufi A, kingamisha wa tatu katikati, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Tia alama uzi unapogusa ufito wa kati. Badilisha miguu nafasi, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Hatua hii usiiruke hata kidogo: kosa dogo likirudiwa shamba zima, mtaro huteremka na kugeuka mfereji.

Tembeza kipimo ukikata mteremko, ukichomeka kijiti penye mguu kila uzi ukaapo kwenye alama ya usawa; vijiti hivyo ndiyo njia ya mtaro. Chimba sentimita 60 kwa 60, udongo utupe upande wa juu. Ukifika kwenye mkarafuu, katiza mtaro mita 2 kabla, uendelee ng'ambo, mizizi usiiguse.

Mvua ya kwanza ikinyesha, panda mchaichai au mananasi juu ya tuta. Kagua kila baada ya mvua kubwa: tuta hupasuka palipobonyea, maana maji hukusanyika hapo. Pajaze, pashindilie.